Ndege Zilizochorwa kwa Hesabu

Elimu ya kuchora picha kwa kompyuta, na kuzitia picha hizo mwendo hata zikamwitikia mtu azigusapo, ilizaliwa kwa sababu ya ndege; na hili ni jambo ambalo wakaazi wa wadi ya Airport, huko Changamwe, wanaolala na kuamka kwa ngurumo za injini, wanastahiki kulijua kabla ya watu wengine. Vijana wengi wa Magongo, Chaani na Port Reitz ambao leo hufungua kivinjari kwenye simu na kukiona kijindege cha rangi ya manjano kikijongea juu ya ramani ya Kilindini, na wakikigusa kikawaambia kimetoka wapi na kinakwenda wapi, hudhani kwamba chombo hicho ni cha juzi. Ilhali silsila yake ni ndefu, imepita katika vita, katika maabara za watu wachache, katika makampuni yaliyogombea soko, na katika msiba wa nchi yetu wenyewe, kabla ya kufika viganjani mwao. Taarikhi hiyo ndiyo nikusudiayo kuisimulia hapa, na nionavyo mimi kila hatua yake kubwa ilikuwa ni ya kuitoa kalamu katika mkono wa mwenye mali na kuitia katika mkono wa asiye nayo.

Uwanja wa Port Reitz ulijengwa zama za Vita vya Pili vya Dunia na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini, na ndege za wanamaji wa Kiingereza zikautumia. Mwezi wa Aprili 1942 Wajapani walipoishambulia Ceylon, manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiilinda Bahari ya Hindi zililazimika kurudi nyuma hadi Kilindini, na nyuma yake wakaja mabingwa wa kufumbua maandishi ya siri, wakawekwa katika skuli ya Allidina Visram, wakawa wakizichambua tarakimu za Wajapani kwa kalamu, karatasi na subira. Nawataja hawa kwa sababu haja ya namna hiyo, ya kuisaka maana iliyofichwa ndani ya safu za tarakimu, ni miongoni mwa haja zilizozisukuma nchi za vita zijenge mashine za kuhesabu. Na Mombasa, bila ya wenyeji wake kuambiwa, ilikuwa na fungu lake katika kazi hiyo.

Haja ya pili ilikuwa ni rada. Kioo cha rada kilikuwa ni mdomo wa neli kubwa iliyofyonzwa hewa, ambamo mstari wa nuru ulizunguka polepole, na kila ulipopita mahali penye ndege ukaacha nukta iliyong'aa kwa muda mchache kisha ikafifia. Nukta ile haikuwa na kumbukumbu yoyote: haikujua jina la ndege, wala ilikotoka, wala itakuwa wapi baada ya dakika moja, yote hayo yalibaki katika akili ya askari aliyeketi gizani akikikodolea kioo macho, na akili ya binadamu, hasa usiku wa manane, ina mpaka wake.

Kuipa nukta hiyo kumbukumbu ndiyo kazi waliyoifanya wahandisi wa chuo cha MIT cha Marekani, wakiongozwa na Jay Forrester. Mashine yao, iliyoitwa Whirlwind, ilikusudiwa kwanza iwafundishe marubani bila ya kuwarusha angani, na kwa hivyo ilipaswa kujibu papo kwa papo, jambo lililokuwa geni kwa mashine nyingi za wakati ule, ambazo zililishwa kazi kisha zikaachwa mpaka zimalize ndipo jawabu likasomwa. Baadaye ikaunganishwa na rada, na mwezi wa Aprili 1951 ikaiongoza ndege ya kivita kuikuta ndege nyingine angani. Mwenziwe Forrester, Robert Everett, akaunda chombo cha kushikwa mkononi, chenye jicho la kuhisi nuru: mtu alikielekeza kwenye nukta aliyoitaka, na mashine, kwa kuwa ilijua hasa ni wakati gani ilipokuwa ikiiwasha nukta ile, ikafahamu ni ipi iliyoteuliwa. Kutokana na Whirlwind ukazaliwa mfumo wa ulinzi wa anga ulioitwa SAGE, ulioanza kazi 1958, ambao kila kompyuta yake ilikuwa na uzani wa takriban tani 250. Katika vyumba vyake vilivyotiwa giza, maaskari waliigusa picha na picha ikawajibu; na picha yenyewe ilikuwa ni ya ndege.

Hadi hapo kalamu ilikuwa ni ya jeshi, na kazi yake ilikuwa ni kuonyesha vilivyopo. Aliyeigeuza ikawa ni ya kuumba visivyokuwapo ni kijana Ivan Sutherland, ambaye mwaka 1963 alitoa tasnifu yake ya udaktari katika MIT juu ya programu aliyoiita Sketchpad. Programu hiyo aliiendesha kwenye kompyuta ya TX-2 katika maabara ya Lincoln, iliyoanzishwa kwa ajili ya ulinzi wa anga, naye alichora kwa kalamu ya nuru iliyokuwa ni mjukuu wa chombo cha Everett. Tusiipite kwa haraka kazi hii, kwa maana karibu kila kitu kifanywacho leo na mchoraji wa kompyuta kimo ndani yake kwa asili. Mtu akichora mistari miwili kwa mkono usiotulia, kisha akaiamuru iwe sambamba, mashine iliinyoosha yenyewe. Akichora umbo moja na kulinakili mara nyingi, kisha akalirekebisha lile la asili, nakala zote zilirekebika pamoja nalo. Maana yake ni kwamba mchoro haukuwa tena ni doa la wino. Ulikuwa ni mkataba wa masharti baina ya nukta, na mashine ndiyo iliyokuwa mdhamini wa mkataba huo. Mimi naihesabu siku ya Sketchpad kuwa ni kubwa kuliko siku ya mashine yenyewe ya kuhesabu, kwa kuwa hesabu binadamu alikuwa akiijua tangu zamani za Babeli, lakini hakupata kamwe kuwa na karatasi inayofahamu kilichoandikwa juu yake.

Yalibaki matatizo ya ufundi, na mawili yanafaa kutajwa. La kwanza ni la mstari. Kioo cha kompyuta, kama tukijuavyo sisi, ni safu za vijiraba vidogo viitwavyo pikseli, na mstari wa mshazari kwa kawaida haupiti katikati ya vijiraba hivyo kwa usawa. Lazima katika kila hatua pateuliwe kijiraba kilicho karibu zaidi, na uteuzi huo ufanywe upesi. Jack Bresenham wa kampuni ya IBM aliivumbua mwaka 1962 njia ya kuuteua kwa kujumlisha na kutoa namba nzima tu, bila ya kugawanya wala desimali, na hata leo vijana wafundishwapo kuchora kwa msimbo hupitishwa katika njia hiyo. La pili ni la mpindo. Wafaransa wawili waliofanya kazi katika viwanda vya magari vilivyoshindana, Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, kila mmoja kwa upande wake alipata namna ya kuueleza mpindo wa bati kwa nukta chache zinazouvuta huku na huku. Na jina la Bézier ndilo lililobaki, kwa sababu Citroën iliificha kazi ya mtu wake. Mwaka 1984 John Warnock na Charles Geschke, wenye kampuni ya Adobe, waliyakusanya maarifa haya katika lugha moja ya kuziamuru mashine za kuchapisha, PostScript, ambayo maneno yake yalikuwa mepesi: peleka kalamu hapa, vuta mstari mpaka pale, pinda hivi, jaza rangi. Msomaji ayaweke maneno haya moyoni, maana tutayakuta tena.

Wakati hayo yakipita, Mombasa ilikuwa ikichora kwa mikono. Katika MIOME, chuo cha ufundi kilichojengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora, na ambacho leo ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, wanafunzi wa uhandisi walijifunza kwa rula, bikari na wino. Uwanja wa Port Reitz ukapanuliwa 1979 ukawa wa kimataifa, ukapewa jina la Rais Moi, na ndege za watalii kutoka Ulaya zikaanza kushuka kwa wingi. Kompyuta zilikuwako nchini, katika mabenki na mashirika makubwa, lakini kompyuta ya kuchorea picha ilikuwa ni kitu cha kusikiwa.

Tim Berners-Lee alipoianzisha Wavuti katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, akaiachia umma 1991, ilikuwa ni ya maandishi matupu. Na kivinjari cha Mosaic cha 1993 kilipoleta picha kati ya maandishi, picha zile zilikuwa zimekauka, zikitazamwa tu. Mwaka 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alitunga kwa muda wa siku kumi lugha iliyopewa jina la JavaScript, ili ukurasa uweze kumjibu msomaji bila ya kurudi kuuliza kwa mwenye ukurasa ng'ambo ya bahari. Lugha ilipatikana, lakini mahali pa kuchorea hapakuwapo. Aliyetaka duara hakuwa na namna ya kuliamuru. Ilimbidi alichore kwingine, alihifadhi kama picha, alilete.

Nafasi hiyo tupu ikajazwa na Flash. Mwanzo wake ulikuwa ni programu ya Jonathan Gay iliyotoka 1996, ikanunuliwa mwaka huo huo na kampuni ya Macromedia, na baadaye Macromedia nayo ikanunuliwa na Adobe. Hakuna mwadilifu anayeweza kuikana adhama ya Flash: kwa takriban miaka kumi na mitano, michezo mingi, katuni nyingi na picha nyingi zilizotembea katika vivinjari zilikuwa ni zake, na katika zile saiba zilizoanza kufunguliwa Mombasa baada ya Wakenya vijana waliosoma Marekani, akina Ayisi Makatiani, Amolo Ng'weno na Karanja Gakio, kuieneza intaneti kwa kampuni yao ya Africa Online, watoto walilipa kwa dakika ili waicheze. Lakini ilikuwa na kasoro ambayo kwa maoni yangu ilikuwa ni kubwa kuliko sifa zake zote. Kazi ya Flash ilifungwa kwa lakiri: aliyeitazama hakuweza kuifungua akaona imetungwaje, na aliyetaka kuitunga ilimpasa aanze kwa kununua programu ya bei isiyofikika kwa mtoto wa Chaani. Ukurasa wa kawaida wa Wavuti haukuwa hivyo. Kila kivinjari kilikuwa na amri ya kuonyesha msimbo wa ukurasa, na watu wengi duniani, wasio na mwalimu wala ada, waliisoma kazi ya wenzao mstari kwa mstari mpaka wakawa mafundi. Flash iliufunga mlango huo.

Mlango ukafunguliwa upya kwa njia mbili, na ni vyema kuzipambanua. Ya kwanza ni SVG, iliyopitishwa kuwa kanuni Septemba 2001 na baraza la Wavuti baada ya makampuni kushindana kwa mapendekezo mbalimbali. Katika njia hii kila duara na kila mstari ni kiumbe chenye jina, kivinjari hukikumbuka, na kikiguswa hujua kimeguswa, kwa mujibu wa ile silsila ya Sketchpad. Ya pili ni kanvasi, iliyobuniwa na Apple 2004 kwa matumizi yake yenyewe, kisha ikachukuliwa na kundi la WHATWG, ambamo Apple, Mozilla na Opera zilishirikiana, ikafanywa kuwa mali ya wote. Firefox toleo la 1.5 likaipokea Novemba 2005. Kanvasi haikumbuki kitu. Ni uwanja mtupu wa pikseli, na amri zake ni zile zile za PostScript: peleka kalamu hapa, vuta mstari mpaka pale, jaza rangi. Kikishachorwa kitu juu yake, wino umekauka. Atakaye kukisogeza hufuta yote na kuchora upya, na akifanya hivyo mara sitini katika sekunde moja, jicho la binadamu, ambalo halina kasi hiyo, huona mwendo. Wengi hudhani kukosa kumbukumbu ni upungufu. Mimi naona ndiyo nguvu yake, kwa kuwa humwachia mchoraji mzigo wote na uhuru wote pamoja.

Microsoft haikuikubali kanvasi mpaka Machi 2011, katika toleo la tisa la kivinjari chake, na muda huo wa miaka mitano na ushei uliwachelewesha watu wengi; lakini haya ni mambo ya wafanyabiashara, nasi tunayo ya kwetu yaliyo mazito zaidi.

Katika siku za mwisho za Desemba 2007, baada ya uchaguzi mkuu, Kenya ilianguka katika machafuko ambayo hakuna aliyeyaona na akayasahau. Tarehe 30 Desemba serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni, na watu wakawa hawajui njia ipi imefungwa wala mji upi unaungua. Mapema Januari 2008 mwanasheria Ory Okolloh aliomba hadharani kwamba wajitokeze wenye ujuzi wa kompyuta, waoneshe juu ya ramani ya Google mahali kila tukio lilipotokea. Ombi hilo liliwezekana kwa sababu tangu 2005 ramani za Google zilikuwa zikiunganishwa ndani ya kivinjari chenyewe, kigae kwa kigae, kwa JavaScript, na kampuni ikawa imewaruhusu watu wengine wachore alama zao juu yake. Waliojitokeza ni Erik Hersman, Juliana Rotich, na David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Alabama, ambaye ndiye aliyeandika msimbo. Katika siku chache ikasimama tovuti waliyoiita Ushahidi. Raia alituma habari kwa ujumbe wa simu au kwa intaneti, ikachunguzwa kadiri ilivyowezekana, kisha nukta ikatokea kwenye ramani, na aliyeigusa akasoma kilichotendeka.

Naomba msomaji aifikirie nukta ile kwa kuilinganisha na ile ya SAGE. Zote mbili zilikuwa ni alama za hatari, zilizochorwa na mashine juu ya ramani, zenye kumjibu azigusaye. Ya kwanza ilikuwa ni mali ya dola tajiri kuliko zote, ikilindwa ndani ya jengo la zege, na aliyeiangalia alikuwa ameapishwa. Ya pili ilichorwa na vijana wachache wasio na ofisi, ili kila mtu aione, katika saa ambayo wenye mamlaka walitaka isionekane. Baina ya nukta hizo mbili kulikuwa na nusu karne. Msimbo wa Ushahidi ukatolewa bure kwa ulimwengu, na Haiti ilipotikiswa na tetemeko la ardhi tarehe 12 Januari 2010, ramani ya namna hiyo hiyo ikawasaidia waokoaji kujua ni wapi wanaitwa. Ni nadra katika taarikhi ya kompyuta kwa chombo kutoka Kenya kwenda Marekani na Karibi, na nchi yetu ina haki ya kukitaja kwa fahari, ijapokuwa kimezaliwa na huzuni.

Wakati ule intaneti ya Kenya ilikuwa bado ikipitia setilaiti, ghali na nzito. Mwezi wa Juni 2009 kebo ya TEAMS, iliyolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, iliwasili Mombasa, na Julai mwaka huo kebo ya SEACOM ikaanza kazi. EASSy ikafuata 2010. Nuru iliyobeba habari za pwani nzima na za nchi za bara nyuma yake sasa ilikuwa ikipanda ufuoni kwetu. Machi 2010 kituo cha wabunifu cha iHub kikafunguliwa Nairobi, na miaka michache baadaye Mombasa ikapata Swahilipot, karibu na Fort Jesus, ambako vijana wa sanaa na vijana wa msimbo hukaa chini ya paa moja. Nami nauona mpango huo kuwa ni wa busara kabisa, kwa sababu kazi hii ya kuchora kwa hesabu haiwezi kumilikiwa na upande mmoja tu.

Turudi sasa kwenye kile kijindege cha manjano, tuone kinachorwaje. Uwanja wa Moi uko longitudo 39.594 mashariki na latitudo 4.035 kusini. Ramani ya kivinjari huchorwa kwa kanuni ya Gerardus Mercator, aliyeitoa ramani yake 1569 kwa ajili ya mabaharia, naye hakuota kwamba ingeishia kwenye kioo cha simu. Katika kipimo cha chini kabisa dunia nzima hutiwa katika kigae kimoja cha mraba chenye pikseli 256 kila upande. Ichukue longitudo, ijumlishe na 180, uigawanye kwa 360, uizidishe kwa 256, nawe utapata 156. Latitudo hupitishwa katika hesabu ngumu zaidi, yenye logi na tanjenti, ikatoa 131. Basi katika picha hiyo ya dunia, Airport, Magongo, Chaani, Kilindini na kisiwa kizima cha Mombasa viko ndani ya nukta moja, iliyo kama pikseli 156 kutoka kushoto na 131 kutoka juu. Kila ukiikaribia ramani kwa hatua moja, vipimo hivyo hurudufika. Katika hatua ya 17, pikseli moja hapa kwetu ni kama mita 1.19 za ardhi, na njia kuu ya kurukia ndege, ambayo ina urefu wa mita 3,350, huwa ni mstari wa pikseli zipatazo 2,800, mrefu kuliko vioo vya simu nyingi.

Ndege za abiria za siku hizi hujitangaza zenyewe. Kila moja hukokotoa mahali ilipo kwa ishara za setilaiti, kisha hupatangaza mahali hapo kwa mawimbi ya megahetsi 1,090, takriban mara mbili kwa sekunde, na mtu yeyote aliye chini mwenye antena ndogo na kipokezi cha bei nafuu anaweza kuyanasa. Waswidi wawili, Mikael Robertsson na Olov Lindberg, walianza 2006 kuyakusanya matangazo hayo kwa mapenzi yao tu, na 2009 wakawaalika watu wa dunia nzima wachangie vipokezi vyao. Tovuti yao, Flightradar24, ikawa mashuhuri Aprili 2010, volkeno ya Eyjafjallajökull ya Iceland ilipofunga anga ya Ulaya na watu wakaziona ndege zikitoweka kwenye ramani moja baada ya nyingine. Habari haziwafikii watazamaji bila ya kukatika, kwa hivyo katikati ya habari moja na ifuatayo kivinjari, kwa kuujua mwendo na mwelekeo wa ndege, hukadiria ilipo na kuichora pale. Hii ndiyo kazi aliyoachiwa zamani yule askari wa gizani.

Ndege ikaribiapo kutua kwa mwendo wa noti 140, ambao ni kilomita 259 kwa saa, huenda mita 72 kwa sekunde. Gawa kwa fremu sitini, utaona kwamba katika kila fremu imesogea mita 1.2. Yaani, katika ile hatua ya 17, ndege halisi inayoshuka Port Reitz hujongea pikseli moja, kwa ukamilifu wa kustaajabisha, kila kioo kinapochorwa upya. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza nilishangazwa na ulinganifu wake, na tangu hapo sijapata mfano ulio bora zaidi wa kumpa mwanafunzi anayeuliza fremu ni nini.

Katika miaka ya mwanzo, mwendo wa namna hii ulipigwa kwa saa ya JavaScript, iliyokuwa ikigonga bila ya kujali kama kioo kiko tayari, au hata kama kuna anayetazama. Picha ikawa inakwaruza na betri ikaliwa bure. Mozilla na wenye vivinjari vingine, kuanzia mwaka 2011, walileta adabu mpya: programu sasa huomba iitwe pale kioo kinapokaribia kuburudishwa, na mtu akiuficha ukurasa, mchoro husimama. Kwa mwenye kompyuta ya mezani hili ni jambo dogo. Kwa mtu wa Magongo ambaye simu yake inabeba riziki yake, pesa zake na bando lake la siku, ni rehema.

Mwaka huo huo wa 2011 ulikuwa na baraka nyingi. Kanuni ya WebGL ilitoka, ikakipa kivinjari njia ya kuifikia ile sehemu ya kompyuta iliyoundwa kwa ajili ya picha za pande tatu. Mike Bostock na wenziwe wa Stanford walitoa D3, ambayo kwayo takwimu hugeuzwa kuwa SVG inayotembea. Na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine akatoa Leaflet, maktaba nyepesi ya ramani. Lauren McCarthy akafuata na p5.js, iliyotokana na Processing ya Casey Reas na Ben Fry, akiikusudia kwa wasanii na kwa watu waliodhani kompyuta haiwahusu. Zote hizi hutolewa bure pamoja na msimbo wake. Ramani Huria ya Dar es Salaam, iliyoanza 2015 kuvichora vitongoji vilivyokuwa vikifurika mvua inyeshapo, na kazi ya kuichora ramani ya Kibera iliyotangulia 2009, zisingewezekana katika ulimwengu wa lakiri.

Flash yenyewe ilizimwa tarehe 31 Desemba 2020. Apple ilikuwa imeikataa katika simu zake tangu 2007, na baada ya hapo ilikuwa ni suala la miaka. Kazi za maelfu ya wasanii zilizotungwa kwayo leo hazifunguki katika kivinjari cha kawaida, isipokuwa kwa programu za kuigiza zilizoundwa na watu wenye huruma nazo. Mnamo 2023 ilikuja WebGPU, yenye nguvu kuliko WebGL, na bila ya shaka itakuja nyingine. Lakini simu nyingi za bei ya chini ziuzwazo madukani mwetu haziimudu, na mwanafunzi wa Changamwe anayeanza leo ningemshauri aiache kwanza. Na aanze na kanvasi, kwa faili moja la maandishi na kivinjari alicho nacho tayari. Mchoro uliotungwa kwa kanvasi 2005, kwa ajili ya Firefox 1.5, ukifunguliwa katika simu yake unachorwa, na msimbo wake unasomeka wote, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.